Mlango wa Kaleli Usio na Komeo

Tobias Kaleli, tunayemzika leo hapa Gatuanyaga, alizaliwa mwaka 1917. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Huko aliwahi kuifungua saa ya mwalimu ili aone inavyokwenda. Alirudishia kila kipande na saa ikaenda, lakini fimbo alizipata.

Wakati wa vita kuu vya pili alikuwa fundi wa kurekebisha bunduki za jeshi. Aliporudi aliajiriwa kuwa fundi wa mashine kwenye shamba la mkonge Thika, na tarehe 12 Oktoba 1946 akamwoa Kamene kanisani Ruiru.

Mwaka 1951, kabla ya vita vya msituni vya kuwapinga Wazungu, watu fulani walimwomba awatengenezee bunduki moja ya mfano, ya askari wa miguu. Ikifaa, zingetengenezwa nyingi. Alitumia bomba la maji, mpira wa tairi, na komeo la mlango wake mwenyewe. Ufa kwenye bomba aliuona. Lakini alikwisha kujigamba, akaona haya kurudi nyuma. Rafiki yake Nzau, aliyefanya kazi naye kwenye mkonge, ndiye aliyeifyatua kule korongoni. Ililipuka, ikamkata vidole vitatu.

Wote wawili wakasema vidole vilikatwa na mashine ya mkonge. Meneja alipomuuliza kama mashine ina hitilafu, Kaleli aliogopa kulaumiwa yeye fundi, akajibu, "Mashine ni nzima, bwana. Nzau alikuwa amelewa."

Nzau hajaonja pombe maishani. Alifukuzwa kazi, kanisa likamtoa kwenye kwaya, naye akanyamaza, maana kusema kweli kungemfunga Kaleli, na vita vilipoanza kungemnyonga. Sisi wa nyumbani tuliokula mshahara wa Kaleli miaka hiyo yote tunaona aibu kusimama hapa.

Kamene aliomba komeo jingine mpaka akachoka. Mume fundi, na mlango unazuiwa kwa kinu, mbuzi wakiingia wapendavyo! Kaleli alisema hastahili mlango unaofungika, wala hakueleza kwa nini.

Aliugua kifua mwezi Machi 1959, akafariki hospitalini Thika tarehe 14 Oktoba. Siku zake za mwisho alimwita Nzau, akamwomba msamaha.

"Mimi nilikusamehe kitambo," Nzau akamwambia. "Lakini kanisani bado naitwa mlevi."

Basi Kaleli akaagiza haya yasomwe mbele ya watu wote. Serikali ikisikia, na isikie. Mwenye kosa keshapita.

Ameacha mjane, Kamene, watoto wake Syombua na Kilonzo, na dada yake Ndila, anayewasomea. Mungu ampe pumziko.

Nzau hakuwa amelewa. Udongo wa kwanza ni wake kuutupa, akipenda.