Josphat Gathogo Theuri, Seremala wa Meli Aliyeitwa Mwongo

Josphat Gathogo Theuri alizaliwa tarehe 9 Mei 1952 hapa Giakanja, mtoto wa tatu na mvulana wa kwanza wa marehemu Theuri na marehemu Watiri. Alipewa jina la babu yake, mzee wa kiama, lile baraza la wazee, mtu ambaye neno lake lilitosha bila karatasi. Siku hizo watu wawili wakivutana, wazee waliketi, kondoo akachinjwa, na jua halikuzama kabla mwongo hajajulikana. Mwongo wa leo huomba nafasi kwenye ratiba ya maziko ili atoe hotuba.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini tangu 1960 hadi 1967. Aliketi dawati moja na Moffat Nderitu, ambaye wengi mnamjua kama katibu wa kanisa wa zamani, na ambaye leo ameketi safu ya mbele. Kwa miaka saba Moffat alinakili hesabu zake. Gathogo hakuwahi kuzifunika kwa mkono.

Mwaka 1969 alikwenda Majengo, Nyeri, kujifunza useremala kwa Mzee Ramadhani Kariuki, fundi aliyeunga mbao bila msumari. Ufundi huo umekwisha. Sasa ni gundi na haraka. Mwaka 1979 alishuka Mombasa kutengeneza milango ya hoteli. Huko ilikuwa imetia nanga meli ya matanga, milingoti miwili, iitwayo Sabine, sakafu yake imeoza. Mwenyewe alikuwa Kapteni Henning, Mdenmarki, aliyekuwa akijiandaa kuzunguka pwani za mbali za nchi za joto pamoja na wataalamu sita, kuona jinsi wenyeji wa huko wanavyoishi na kuunda vyombo vyao. Gathogo alitengeneza sakafu ile kwa wiki tatu. Kapteni alipiga magoti akatafuta msumari, asiupate. Tarehe 6 Februari 1980 meli iling'oa nanga, na seremala wake alikuwa mtu wa Giakanja.

Mtu huyo hakujua kuogelea. Siku nne za kwanza alilala amekumbatia ndoo. Siku ya tano aliinua kichwa akauliza, "Kapteni, na hii maji iko na ng'ambo kweli?"

"Iko," Kapteni akamjibu, "lakini wewe bado hujamaliza kutapika."

Alikaa safarini karibu miaka mitatu. Mahali alipopataja zaidi ni kijiji kimoja cha pwani ya Guinea Mpya, kisicho na barabara, ambako walikaa miezi mitano. Huko mzee aitwaye Wemo alichonga mitumbwi, kila mmoja kutoka mti mmoja mzima. Kabla ya kukata, Wemo aliweka kiganja kwenye shina akasema na mti. Na walipofyeka msitu, aliacha mti mmoja mkubwa umesimama, ili roho za miti iliyoanguka zipate pa kukaa. Gathogo alipoona hayo aliketi chini. Babu yake alifanya vivyo hivyo kwenye mteremko huu huu, ambao leo hauna hata mti wa kufungia mbuzi. Alimweleza Wemo kwa mikono. Wemo akacheka, akampa tezo, lile shoka dogo la kuchongea, na mtumbwi ule wakauchonga wawili. Gathogo alizoea kusema kwamba alizunguka nusu ya dunia akamkuta babu yake.

Alirudi nyumbani Novemba 1982 akayasimulia hayo sokoni.

"Meli gani, Gathogo?" Moffat alimwuliza mbele ya watu. "Wewe ulikuwa jela huko pwani. Hata hiyo useremala ni ya jela."

"Moffat, nilikuwa baharini."

"Ati baharini! Mtu hawezi kuvuka mto Chania bila kushikwa mkono!"

Soko zima likacheka. Tangu siku hiyo aliitwa Kapteni wa Jela, na wako hapa leo waliomwita hivyo wakiwa watoto, wamevaa suti. Binti aliyekuwa amemchumbia akarudi kwao. Mwezi Mei 1985 wazee wa kanisa walimtenga kwa makosa mawili: kusema uongo, na kusifu dini ya wapagani. Aliyeandika kumbukumbu za kikao alikuwa Moffat. Gathogo aliambiwa atubu. Alijibu kwamba hawezi kutubu safari. Kwa miaka arobaini aliketi nje ya kanisa, chini ya dirisha, akiimba sauti ya pili.

Tarehe 20 Desemba 1986 alimwoa Phyllis Mbeti wa Wang'uru, huko Mwea. Uvumi wa Giakanja ulikuwa haujafika Mwea. Baba mkwe, mkulima wa mpunga, alimwuliza swali moja tu: "Huko ulikoenda, wanalima mpunga?"

"Hapana, baba. Pale nilipokaa wanakula unga wa mti."

Mzee akamgeukia mkewe. "Huyu alifika. Mwongo angesema ndiyo ili anipendeze."

Walijaliwa watoto watatu. Gathogo alifungua karakana hapa sokoni. Alitengeneza majeneza ya kijiji hiki kwa miaka thelathini, likiwamo la mama yake Moffat, na hakuna aliyelalia ubao uliopinda.

Agosti 2022 uongozi mpya wa kanisa ulimletea dawati la zamani la katibu, droo yake imekwama. Gathogo aliivuta. Nyuma yake palikuwa na barua tatu zenye jina lake, zimefunguliwa. Wakati ule kijiji kizima kilipokea barua kupitia sanduku la posta la kanisa, na ufunguo alikuwa nao katibu. Barua ya kwanza ilikuwa na muhuri wa ofisi: IMEPOKELEWA, 14 Machi 1984. Mwaka mmoja na zaidi kabla ya kutengwa.

Barua zilitoka kwa Kapteni Henning. Ya kwanza ilimwita kwenye safari ya pili. Ilisema kwamba Wemo amefariki, na kabla ya kufa aliagiza tezo yake apewe yule mtu wa mlimani. Iko melini, inamngoja. Ya pili ilisema Sabine imengoja Mombasa siku kumi na moja. Ya tatu ilisema meli imeondoka, na tezo imeondoka nayo.

Gathogo na Phyllis walikwenda kwa Moffat asubuhi iliyofuata.

"Tuyaache, Gathogo," Moffat alisema. "Mimi niliona ni barua za kukuharibu. Ungerudi kwa wale wapagani."

"Ulijua kuna meli."

"Sisi ni wazee sasa. Kufukua ni kazi ya fisi."

"Simama kanisani Jumapili moja, useme."

"Nitaangalia."

Aliangalia miaka mitatu. Januari 2025 Gathogo alipatikana na saratani ya koo, na kufikia Juni sauti ilikuwa imekwisha. Akawa anaandika kwa penseli ya useremala juu ya kipande cha ubao. Moffat alikuja kumwona na mikate miwili, akaomba kwa muda mrefu sana. Alipofungua macho, ubao ulikuwa mbele yake: JUMAPILI GANI? Moffat akayafumba tena, akaomba.

Josphat Gathogo Theuri alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, Phyllis akiwa amemshika mkono. Mwili wake haukuruhusiwa kuingia kanisani kwa sababu hakutubu. Ndiyo maana mmeketi kwenye nyasi.

Mzee Moffat aliomba kusema machache kama rafiki wa utotoni. Familia imekubali kwa namna yake. Hatatoa hotuba. Atasoma barua ya kwanza, na tarehe ya muhuri, kwa sauti, kabla ya udongo kumwagwa. Hakuna atakayeshika koleo mpaka amalize. Nakala imechapishwa ukurasa wa nne wa ratiba hii, kwa wanaotaka kumfuatilia neno kwa neno.

Marehemu ameacha mjane, Phyllis Mbeti, watoto, Nduta, Theuri na Ben, wajukuu saba, na Moffat Nderitu, ambaye ana ukurasa mmoja wa kusoma.

Gathogo alale kwa amani. Moffat asimame.