Noelene Hargrave na Mfuko wa Kitambaa cha Pazia

Ijumaa ya tarehe 4 Julai, siku ya mwisho ya muhula wa pili, Noelene Hargrave atastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuwa mtaalamu wa matamshi katika Shule ya Msingi ya Gidgee Flat. Ofisi ya kanda imeniomba niandike ukurasa huu wa ratiba ya sherehe "kwa moyo wa furaha". Furaha kwa ajili ya Noelene ninayo tele. Hasira pia ninayo, na mtaiona humu, maana kuficha sijazoea.

Wiki yake ya kwanza hapa aliwakalisha watoto sakafuni akawafundisha sauti ya s kwa kuwageuza wote nyoka. Darasa zima likavuma sss, hadi mtunza bustani akaingia mbio na sepetu, akipaza sauti, "Yuko wapi? Msisogee!" Nyoka hakuwepo. Noelene alimkalisha mzee wa watu sakafuni akavuma na wenzake, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona kuwa mgeni.

Wazazi walimjia na hofu zao kila mwaka. Merv Tully, mfugaji wa ng'ombe, alimleta mwanawe wa miaka minne ambaye r zake zote zilitoka kama w. "Ndama wangu wanatembea siku hiyo hiyo wanayozaliwa," alilalamika. "Huyu anangoja nini?"

"Kampeleke akanyonye huko kwa ng'ombe basi," Noelene alimjibu. "Sisi huku tuna subira."

Kisha alimkalisha Merv na kumweleza polepole, kama alivyotueleza sisi sote. Kiingereza hakiingii kinywani mwa mtoto kwa mkupuo. P, b na m hutangulia, kwa sababu mtoto anaiona midomo ya mama yake na kuiiga. Zinafuata t na d, k na g. Baadaye huja s na sh, na r hujivuta nyuma. Th, ile ya kuchomoza ulimi katikati ya meno, wengine huipata wakati meno ya utotoni yameshang'oka na mengine yanaota. Kumwambia mtoto wa miaka minne kwamba ana kasoro kwa kukosa th ni kumwonea tu. Mtoto wa Merv leo anaendesha mnada wa ng'ombe, na ukimsikia anavyotamka r zake utatamani apumzike kidogo.

Sasa niueleze ule mfuko. Katika familia zetu za Kamilaroi, sisi wenyeji wa asili wa sehemu hii ya Australia, mtu mzima hamuulizi mtoto kitu ambacho yeye mwenyewe anakiona. Ukifanya hivyo, ama unamtania ama unamtega, na mtoto aliyelelewa vizuri hunyamaza. Noelene hakulijua hilo alipofika. Alikuwa akiwaonyesha watoto picha ya kijiko na kuwauliza ni nini, nao wakawa wanamtazama tu, kimya. Shangazi Coral Lamb, ambaye wakati huo alikuwa akipika chai ya walimu, alimvumilia siku chache, kisha akamwambia.

"Noelene, mdogo wangu. Kama unakijua, unauliza nini? Na kama hukijui, rudi shule."

Noelene alicheka mpaka akashika meza. Kisha akang'oa pazia la ofisi yake, lile la maua ya manjano, akashona mfuko. Ndani alitia kijiko, pete, samaki wa mbao, kikombe, mfupa wa kondoo. Mtoto hutia mkono na kushika kitu kimoja. Noelene hufumba macho na kuuliza, "Umeshika nini?" Naye kweli hajui. Hubahatisha, na mara nyingi hubahatisha upuuzi wa makusudi, akasema ni chura au ni kofia ya mwalimu mkuu. Mtoto hapo hawezi kuvumilia, lazima amsahihishe, na katika kumsahihisha humwaga kila sauti aliyo nayo. Hivyo ndivyo Noelene alivyowasikiliza watoto wetu miaka yote hii.

Mwaka jana mwezi wa Septemba alikuja mpimaji wa matamshi kutoka mjini. Alikuwa mama mpole, simlaumu, alifanya alivyoagizwa. Alimweka mbele yake Marli, mjukuu wa Shangazi Coral, ambaye alikuwa na miaka minne na alikuwa darasani kwangu. Akafungua kitabu chenye picha ya samaki, akauliza hiki ni nini. Marli alimtazama samaki, akamtazama mama, akafunga mdomo. Ukurasa baada ya ukurasa, kimya. Alipotoka nje alimnong'oneza bibi yake, "Bibi, yule mama haoni? Samaki yuko mbele ya pua yake!"

Taarifa ilipofika ilisema Marli hana sauti za kutosha, na kwamba mwaka unaofuata apelekwe darasa maalumu mjini, kwa basi linaloondoka kabla ya jua kuchomoza. Mtoto wa miaka mitano! Shangazi Coral hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi ya darasa langu akasema, "Walimchukua dada yangu kwa basi pia." Enzi hizo serikali iliwanyang'anya watu wetu watoto wao, na wengi hawakurudi.

Noelene alianza na masikio. Alimpeleka Marli kwa muuguzi, wakakuta majimaji nyuma ya ngoma za masikio, kama ilivyo kwa watoto wengi wa hapa. S na f ni sauti nyembamba, hazipenyi kwenye sikio lililojaa maji. Marli alitibiwa. Kisha Noelene aliiandikia ofisi ya kanda akiomba mtoto apimwe upya kwa namna anayoielewa. Alijibiwa kwamba kipimo hufanywa kama kilivyochapwa. Akaandika tena, akajibiwa vilevile.

Novemba mkurugenzi wa kanda, Bwana Graeme Pruitt, alikuja mwenyewe kutusomea uamuzi. Noelene hakumngoja afungue mkoba. Alimkabidhi Marli ule mfuko, akasema, "Graeme, fumba macho. Muulize."

Naye, nampa haki yake, alifumba. "Umeshika nini?"

"Bahatisha," alisema Marli.

"Kijiko."

"Siyo! Samaki! Mkia umevunjika, Tyson aliukalia, halafu akasema siyo yeye. Umeshindwa. Bahatisha tena!"

Bwana Pruitt alicheka hadi akafuta machozi, na uamuzi ulibadilishwa palepale. Marli yuko darasa la kwanza hapa hapa, anaandika jina lake na kuwasema wenzake wote. R yake bado ni w, na ina muda wake.

Mwezi wa Mei, mkono uleule wa Bwana Pruitt ulitia sahihi kwamba nafasi ya Noelene haitajazwa. Kuanzia muhula ujao watoto watapimwa kwenye skrini. Picha itatokea, na mashine itauliza hiki ni nini. Mashine inayojua jibu! Nimeambiwa ni maendeleo. Mimi naona ni dharau, na nimechoka kuiita kwa majina laini. Alichekea nini siku ile, kama hakuelewa?

Wa kwanza kukalishwa mbele ya skrini hiyo, mwezi wa Agosti, ni Jye, mdogo wake Marli. Ana miaka minne na ana adabu kuliko dada yake, na hilo ndilo linalonitisha.

Juzi Marli alinikuta nikipanga viti vya sherehe. "Jye akitia mkono kwenye mfuko," aliuliza, "nani atafumba macho?" Nilimwambia sijui, kwa sababu sijui.

Noelene, asante kwa masikio yako, kwa magoti uliyoyamaliza kwenye sakafu yetu, na kwa kukubali kuambiwa na Shangazi Coral. Nenda na karavani yako hadi pwani, uvue samaki wenye mikia mizima, na asikuulize mtu kitu anachokiona. Maisha yako huko yawe mema kama ulivyokuwa mwema kwetu.

Nawe Bwana Pruitt, umewekewa kiti meza ya mbele, na mfuko utakuwa juu ya sahani yako. Marli atasimama akuulize swali lake lile la juzi. Hakutanii wala hakutegi. Shangazi Coral ameoka mkate wa majivuni, keki ipo, chai ipo, na kisu anacho yeye. Hakitakata kitu mpaka ujibu.

Janelle Sands, mwalimu wa darasa la awali