Bi Visigino Anavua Sare

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, muuguzi msimamizi wa ubora wa huduma katika makao yetu ya wazee anastaafu. Jina lake limeandikwa kwenye kadi ya mwaliko, lakini ukilitaja jikoni au kwenye chumba cha kufulia watu watakutazama tu. Uliza Bi Visigino, utaonyeshwa alipo kabla hujamaliza kuuliza. Kazi ya kuandika maneno haya nimepewa mimi niliyeajiriwa mwisho, kwa sababu nimetoka shule juzi na wakubwa wanaamini mkono wangu bado unakumbuka insha.

Jina hilo lilitokana na kazi yake. Wapo wakaguzi wanaoanzia ofisini, wakapewa kiti, chai na mafaili. Yeye alianzia miguuni mwa mtu. Alikaa kando ya kitanda, akamjulia mzee hali, kisha akaomba kufunua blanketi kidogo atazame visigino. Mzee akilazwa upande mmoja kutwa nzima, ngozi ya kisigino hubadilika kabla kidonda hakijafunguka. Baada ya hapo alitazama miwani, maana miwani iliyojaa alama za vidole, kwake, ilikuwa sawa na dirisha lililofungwa. Mwisho aliegemea pale anapoegemea mzee, akanyoosha mkono kupima kama gilasi ya maji inafikika. Isipofikika, aliyekuwa zamu alijua kuwa leo ni leo.

Sisi wapya alitulaza. Kila anayeanza kazi hulala kitandani wodini, hufunikwa, huwekewa maji mbali kidogo na mkono, kisha huachwa asubiri mpaka mtu amkumbuke. Wengi huinuka wakiwa na macho mekundu, na kuanzia siku hiyo hawapiti mbele ya kengele inayolia. Ila mbeba wagonjwa wetu, pandikizi la mtu tunayemwita Kabati, alilala usingizi wa kweli, akakoroma mpaka chakula cha mchana. Wazee walikusanyika kumtazama. Bi Visigino akasema, "Huyu karidhika na huduma. Msimwamshe, mleteeni na dawa zake."

Alikuwa mkali, lakini ukali wake haukuchagua cheo. Mwaka ambao wakaguzi wa nje walitangaza kuja, msimamizi mkuu wa wakati huo alinunua mapazia mapya, akaweka maua mezani na kuwavalisha wazee nguo za sherehe. Mwalimu mstaafu aliyekuwa akiishi nasi alipoulizwa kama anapapenda hapa, alijibu, "Waulizeni mapazia, yamefika leo pamoja nanyi." Bi Visigino ndiye aliyewachukua wageni pembeni na kuwaeleza jambo ambalo mapazia hayakuweza kulifunika: wahudumu wawili walikuwa wakiachiwa jengo zima usiku kucha. Tulipewa alama mbaya mwaka huo. Msimamizi mkuu alimnunia muda mrefu, wakipishana koridoni kama wake wenza. Lakini wahudumu wa usiku waliongezwa, na wapo mpaka leo.

Kila mwaka, katika kikao cha kutathmini kazi, alimuuliza kila mmoja wetu, kuanzia daktari mpaka mtunza bustani, swali moja: "Ungemleta mama yako hapa?" Aliyesema ndiyo haraka haraka aliambiwa akafikirie vizuri. Mama mmoja wa kufulia alithubutu kusema hapana. Alipoulizwa sababu alisema, "Nguo zao tunazichanganya. Mama yangu akivalishwa gauni la mwenzake, atajiona hayupo." Tangu hapo nguo za kila mzee zina uzi wa rangi yake kwenye pindo.

Miaka minne iliyopita Bi Visigino alilijibu swali hilo yeye mwenyewe. Alimleta mama yake mzazi, Bibi wa chumba cha kona.

Bibi alikuwa fundi cherehani. Inasemekana mabibi harusi walikuwa wakimsubiri yeye kabla ya kupanga siku ya harusi. Alipofika kwetu kumbukumbu ilikuwa imeanza kufumuka. Mwanzoni alimwita binti yake kwa jina lake, baadaye akawa anamwita dada, kisha akabaki kumwita sista, kama anavyotuita sote tunaovaa sare. Lakini kitambaa alikijua bado. Kila Bi Visigino alipoinama kumlisha, Bibi alishika ukosi wa sare, akapitisha kidole kwenye mshono, akaridhika, ndipo akafungua mdomo. Binti alikuwa ameshasahaulika. Sare ndiyo iliyokuwa inakumbukwa, na ndani ya sare hiyo binti alipata kukaa na mama yake kila siku.

Kwa hiyo tarehe ya kustaafu ilipotangazwa, sisi tulifikiria keki. Yeye alifikiria sare.

Siku moja ya mapumziko yake alikuja amevaa gauni la kijani, ajaribu kama Bibi atampokea bila sare. Ilikuwa wakati wa chai ya alasiri. Alisukuma mlango wa chumba cha kona kama tulivyozoea sote, akachukua kikombe, akainama.

"Mama, umepotea njia," Bibi alimwambia. "Ofisi iko kule mbele."

"Nimekuja kukunywesha chai, Mama."

"Sinywi kwa mtu nisiyemjua. Niitie sista."

Akaikumbatia sahani yake ya mkate kama mtu anayeogopa kuibiwa. Bi Visigino aliweka kikombe chini, akatoka, akamwita mmoja wetu. Bibi alimaliza chai yote mikononi mwa mwenzetu, huku binti aliyemzaa akiwa amesimama koridoni akisoma matangazo ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeyabandika ubaoni.

Jioni ile msimamizi mkuu wa sasa, ambaye ni mtu mwema, alimwambia abaki na sare mbili. Nani angemkataza? Bi Visigino alikataa. Kanuni ya kwamba asiye zamu havai sare aliitunga yeye, baada ya mtu wa nje kuingia na koti jeupe na kumsainisha mzee karatasi asizozielewa. Wazee wetu, alisema, hawana njia nyingine ya kujua nani ni nani. Wakiona sare ni lazima wawe salama.

Mpishi mkuu, ambaye wamefanya kazi pamoja tangu ujana na hutaniana kama mtu na shemeji yake, alimfuata mpaka jikoni. "Kanuni umeitunga wewe. Si uivunje wewe?"

"Kwa hiyo wewe chumvi ukiitia wewe, ikizidi haiwi chumvi?"

"Mimi namzungumzia mama yako, Bi Visigino."

"Na mimi pia," alisema, akaondoka na sinia ambalo hakuwa na kazi nalo.

Kwa wiki kadhaa hakuna aliyeligusa jambo hilo. Tulimwona akichelewa kutoka, akitafuta vijisababu vya kubaki chumba cha kona, akikunja upya mashuka ambayo tayari yalikuwa yamekunjwa. Tuliogopa. Bibi alikuwa amedhoofika, na hata sisi wenye sare ilibidi tumbembeleze sana ili ale. Kila mmoja wetu alijiuliza kimoyomoyo atakula kwa nani, na binti huyu ataingia humu kama nani.

Siku nyingine ya mapumziko alikuja tena na lile gauni la kijani. Alituambia atamtazama tu kupitia kioo cha mlango, kisha aende zake. Lakini mfagizi alikuwa amepiga deki akafunga mlango, na pazia la kioo lilikuwa limeshushwa. Bi Visigino akasimama. Hakuwa zamu, na baada ya siku ile hakuthubutu kusukuma mlango. Sisi tulikuwa pale na toroli la chai, tukimwona anavyoinua mkono na kuushusha. Mwishowe akagonga, kama mgeni yeyote, akasema, "Hodi."

Ndani kukatoka sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwa Bibi, sauti ya mwenye nyumba. "Karibu. Pita ndani."

Akaingia. Mlango ukabaki wazi, na sisi, naomba radhi, hatukuondoka.

"Hamjambo humu?"

"Hatujambo. Sogea, usikae mbali kama mdai." Bibi alivuta miguu yake, akapapasa kitanda. "Umetoka mbali?"

"Si mbali sana, Mama."

"Hata hivyo. Njaa haiulizi umbali."

Tukapitisha sinia. Bibi akachukua mkate wake, akaumega, akampa mgeni kipande kikubwa. Mgeni akala. Na kwa kuwa hakuna mwenye nyumba anayemwacha mgeni atafune peke yake, Bibi naye akachovya kipande chake kwenye chai, akala kwa mkono wake mwenyewe. Kwa miezi mingi tulikuwa tukimlisha kama kifaranga, tukiamini mikono yake imesahau.

"Na mama yako, hajambo?" Bibi aliuliza, kama mtu yeyote mwenye adabu anavyomuuliza mgeni.

"Hajambo," alisema Bi Visigino. "Leo anakula vizuri."

"Vyema. Umsalimie sana."

"Zimefika, Mama."

Alipotoka alikuwa na kikombe kitupu mkononi na hakujua pa kukiweka. Kabati alikipokea. Tulitegemea atalia, lakini alisema jambo la kazi, kama kawaida yake. "Miaka yote hii tunaingia vyumbani mwao kama tunaingia stoo. Na wa kwanza ni mimi. Nani kati yenu amewahi kupiga hodi?"

Tulikuwa tumefundishwa kupima mapigo ya moyo, uzito, ngozi, maji, na tulikuwa tunavipima kweli. Hatukuwa tumefikiri kwamba mtu asiyeombwa ruhusa huacha taratibu kuwa mwenyeji, na kwamba asiye mwenyeji hana sababu ya kuchukua mkate wake mwenyewe.

Hilo ndilo badiliko la mwisho alilotuachia. Sasa kila mlango unagongwa, tunasema hodi, tunasubiri. Kabati aliuliza itakuwaje kwa wasioweza kusema, akaambiwa asubiri vilevile, aingie polepole, atazame macho. Kazi imekuwa ya polepole kidogo, na wengine wamelalamika. Babu mmoja aliyekuwa karani wa mahakama amepata raha yake hapo: hutuacha mlangoni mpaka miguu iume, kisha hutukaribisha kama jaji. Lakini ni babu huyohuyo aliyekuwa akitupiga mikono kila akiogeshwa, na siku hizi ameacha.

Nisingependa mtu afikiri kwamba mambo yameisha vizuri kabisa. Bibi hajamkumbuka binti yake. Siku iliyofuata alimkaribisha upya, akamuuliza tena kama ametoka mbali, na ndivyo itakavyokuwa. Aliyembeba tumboni na kumshonea sare yake ya kwanza ya shule atakuwa akimpokea kama mgeni mwema asiyejua jina lake. Wakati mwingine mgeni huyo hutoka chumbani, akasimama dirishani koridoni, na sisi tunajifanya tuna shughuli upande mwingine. Siku chache zilizopita tulimkuta mpishi amesimama naye pale, wote wawili kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu tuwafahamu.

Bi Visigino, kwa niaba ya wafanyakazi na wazee wote wa makao haya, tunakushukuru. Ulitutaka tuwatazame watu hawa pale ambapo hakuna mtu anayetazama, na ulipoona umekosea ulituambia papo hapo, nasi tukasikia. Siku ya mwisho utairudisha sare ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, tunajua, na hakuna atakayethubutu kukushawishi. Kuanzia siku inayofuata utakuja saa za wageni pamoja na wageni wengine.

Tunakutakia mapumziko yenye afya na usingizi wa kutosha. Na tunaomba kwamba kila alasiri utakapogonga mlango wa chumba cha kona, kwa muda mrefu kadiri inavyowezekana, ndani kuwe na sauti ya kukuambia karibu.