Msomi wa Fikra Katika Basi la Rangwi

Nathanaeli alipotamka kwamba chuo kikuu anasomea saikolojia, yaani namna watu wanavyofikiri, abiria wa jirani walianza kujisogeza mbali naye. Mzee Mbaraka, balozi wa nyumba kumi pale Malindi, kijiji cha milimani njiani kwenda Rangwi, alimgeukia kwa furaha. "Mwanangu, umeletwa na Mungu! Hebu nitazamie hawa watu wangu. Nani halipendi shamba la ujamaa?"

Secilia, aliyebanwa katikati yao na kikapu chake cha mapeasi, alianza kusali rozari moyoni mbiombio, kijana asije akayaona kichwani mwake maharage ya shamba lake binafsi, aliyoyapalilia jana huku ametuma salamu kwenye shamba la ujamaa kwamba anaumwa. Nyuma yake watu wazima walikodolea macho migomba ya njiani kama hawajawahi kuiona.

"Samahani, mzee, mimi sioni mawazo," alisema Nathanaeli. "Namuuliza mtu, naye ananijibu."

"Kuuliza tu? Mbona mimi nawauliza kila wiki! Wote wanalipenda. Magugu ndiyo yanayotushinda."

Basi liliposimama Malindi, balozi alitangulia kushuka, akageuka. "Kesho wote shambani!"

"Ndiyo, Balozi!"

Secilia aliitikia kuwashinda wote. Kisha akaona kijana anamtazama, akavuta kanga hadi machoni.