Badiliko Lisiloandikwa: Maisha ya Baba yetu Godefroid Mukalay (1958–2024)

Baba Godefroid Mukalay alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 mtaa wa Panda, hapa Likasi, mtoto wa tatu wa Tata Mathieu, mfanyakazi wa kiwanda, na Mama Orpa, mkulima wa mihogo. Alibatizwa mwaka huohuo.

Baada ya shule ya msingi alipelekwa Mulungwishi, akasomea ujenzi na kupata diploma yake mwaka 1978. Huko alilala kitanda kimoja na mwanafunzi mwenzake, Adrien Kapend. Waligawana shuka, sabuni na, Adrien akiugua, hata mitihani nusura wagawane.

Tarehe 9 Agosti 1986 alimwoa Mama Alphonsine. Marehemu hakuweza kupita karibu na ukuta bila kuugonga kwa kidole asikie kama ni mzima. Siku ya ndoa, padri akiwa anasoma, aliunyooshea mkono ukuta wa kanisa. Mama Alphonsine akamnong'oneza: "Godefroid, bibi-arusi njo minye, haiko ule ukuta." Mungu aliwajalia watoto watatu: Laure, Élie na Plamedi.

Mwaka 1994 yeye na Adrien walianzisha kampuni yao ndogo ya ujenzi. Adrien alitia sahihi mikataba, marehemu alisimamia mafundi. Walijenga madarasa, vibanda vya soko, nyumba nyingi za watu, na nyingi zingali zimesimama.

Hapa Laure, binti yake mkubwa anayesoma maneno haya, alitamani kuruka hadi kwenye ugonjwa. Baba yake alimkataza.

Mwaka 2015 walipewa kazi ya kujenga nyumba ya uzazi kwenye barabara ya Kamatanda. Mkataba ulidai msingi wenye kina cha mita moja na nusu, na ulisema wazi kwamba badiliko lolote liandikwe katika daftari la kazi na kutiwa sahihi na mwenye jengo, mhandisi na wajenzi. Mvua ilikuwa inakaribia na siku za mkataba zinakwisha. Mafundi walipokutana na udongo mgumu kwenye sentimita themanini, marehemu aliwaambia waache kuchimba, waanze kupanga mawe. Adrien alipofika alikuta zege limekwisha kumwagwa.

"Tuandike mu cahier, architecte akuye aone," Adrien alisema, akitaka daftari lijazwe na mhandisi aitwe.

"Tutaandika kesho," marehemu alijibu.

Hawakuandika. Jioni ile, mezani, marehemu alisimulia kwamba kwa kufupisha msingi ameokoa wiki mbili nzima. Laure alisikia kila neno.

Februari 2016, baada ya siku nne za mvua, ukuta wa upande wa bonde ulizama na kuanguka. Mama Bibiane, aliyekuwa anafagia kando yake, alivunjika mguu, na mpaka leo anatembea na fimbo.

Mahakamani hakimu aliuliza nani aliamuru msingi ufupishwe. Daftari lilikuwa tupu. Marehemu alisimama akiangalia viatu vyake, akasema: "Mambo ya contrat ilikuwa ya Adrien." Laure alikuwa benchi la pili. Naye alinyamaza.

Hukumu ilimwangukia Adrien, kwa kuwa sahihi ilikuwa yake. Alikatazwa kazi za ujenzi kwa miaka mitano, akahamia Kambove kufyatua matofali. Marehemu aliendelea kujenga. Alichaguliwa mkuu wa kamati ya majengo ya parokia, akawa anawafundisha vijana waandike kila badiliko la mkataba. Watu walimpigia makofi. Nyumbani, kila aliposifiwa, Laure alitafuta kazi ya kufanya jikoni.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Aprili 2024 alimwita Laure kitandani.

"Siku utasoma maisha yangu, usisome tu mazuri. Soma na ya Adrien."

"Baba, bantu batatucheka."

"Bacheke. Minye nilinyamaza miaka munane. Na weye ulinyamaza juu yangu."

Kesho yake Laure alituma ujumbe Kambove, na Adrien akaja kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Marehemu alimweleza yote mbele ya mke wake na watoto.

"Nilijua, Godefroid," Adrien alisema. "Siku ile mahakamani nilikungoja useme. Nilikungoja mpaka juge anafunga dossier."

Alikaa kidogo, akanywa maji aliyopewa, akaondoka. Hakumshika mkono.

Tarehe 20 Mei marehemu alitia sahihi barua ya kukiri, na Laure akaipeleka mwenyewe mahakamani, pamoja na ushuhuda wake wa yale aliyoyasikia mezani. Jibu bado. Baba Godefroid alifariki hospitalini hapa Likasi tarehe 2 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita.

Ameacha mjane, Mama Alphonsine, watoto watatu, wajukuu watano, na dada yake Hortense. Adrien Kapend na Mama Bibiane wako hapa kati yetu. Familia haitawaomba msamaha mbele ya jeneza, mahali ambapo ni vigumu mtu kukataa. Tutawafuata nyumbani kwao, na tutakubali jibu lolote watakalotupa.

Baba, Mungu akupokee na kweli uliyoichelewesha, akupe pumziko lake.