Mwalimu Eliufoo Munisi na Ukurasa wa Mfereji wa Babu

Mchungaji kiongozi, wazee wa ukoo wa Munisi, wakwe zetu, majirani na wageni wote mliopanda hapa Machame leo Ijumaa, tarehe 10 Oktoba 2025, naitwa Elisaria Munisi, mdogo wake marehemu na kitinda mimba wa nyumba hii, na kamati ya mazishi imenipa karatasi mbili nizisome mbele yenu, nami nitazisoma, isipokuwa pale ambapo kamati imekosea.

Marehemu Mwalimu Eliufoo Eliakim Munisi alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa hapa kihambani, kwenye shamba hili la ukoo, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Eliakim Munisi, mkulima wa kahawa na migomba, na akabatizwa Pasaka ya mwaka huo huo katika usharika wetu. Mimi nilifuata mwaka 1960, na tangu nilipopata akili nilikuwa naitwa mdogo wake Eliufoo, yeye hajawahi hata siku moja kuitwa kaka yake Elisaria.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akachaguliwa kwenda sekondari mjini Moshi, akamaliza mwaka 1975, kisha chuo cha ualimu hadi 1978, ambako alihitimu kufundisha jiografia. Baba alichinja mbuzi siku matokeo ya darasa la saba yalipofika, na yangu yalipofika miaka mitatu baadaye mbuzi walibaki zizini wakila majani, wala sisemi hayo ili mnionee huruma, nasema kwa sababu historia ni historia.

Mwaka 1979 aliajiriwa kufundisha Tarakea, kule Rombo, akakaa huko miaka kumi na miwili, na wanafunzi wake wa Rombo wanaonekana pale chini ya turubai la pili, wengi kuliko nilivyotarajia. Mwaka 1991 alihamia Mabogini, akafundisha watoto wa wakulima wa mpunga hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2017, na muda wote huo aliishi Rau na familia yake.

Alifunga ndoa takatifu Jumamosi ya tarehe 21 Desemba 1985 na Yuditha, wakajaliwa binti mmoja, Magreth, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati iliyoandika karatasi hizi. Shemeji Yuditha alikuwa akiimba sauti ya kwanza katika kwaya niliyokuwa nikiimba mimi, na mimi ndiye niliyemwonyesha kaka kwa kidole, nikisema, unamwona yule, kosa ambalo kamati iliniomba niliruke, lakini nimeshalisoma.

Alipostaafu alirudi mlimani akajenga upande wa juu wa kihamba, maana kwa desturi yetu nyumba ya baba hubaki kwa kitinda mimba, na hapo kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho kaka hana. Nilikifurahia miezi minne, ndipo watu wakaanza kuipita nyumba ya baba bila kubisha hodi, wakiuliza kwa Mwalimu wa Jungu Kuu ni wapi.

Kwa wasioijua, Jungu Kuu ni kamusi elezo ya Kiswahili iliyoko mtandaoni, yenye kurasa za kila jambo, milima, magonjwa, ndege, wafalme, na haina mwenye mali, inaandikwa na watu wa kujitolea ambao wengi hawajaonana uso kwa uso. Marehemu alijiunga nayo mwaka 2009, na mwaka 2013 wenzake walimchagua kuwa msimamizi, yaani mtu mwenye ruhusa ya kufuta uongo, kufunga kurasa zinazochafuliwa na kuwazuia wachafuzi, na kwa mkono wake aliandika kurasa elfu tatu mia nne na kumi na mbili. Alinifundisha na mimi kuandika, akanifungulia akaunti, akanipa nywila ya intaneti ya nyumbani kwake ili vifaa vya nyumba zote mbili vitumie njia moja, na ukurasa wangu wa kwanza, wa aina za ndizi, aliusahihisha mara kumi na saba.

Hapa karatasi ya kamati inasema kwamba mwezi wa Aprili 2023 marehemu alijiuzulu usimamizi kwa hiari yake ili apumzike. Hiyo si kweli, na yeye asingeiacha ipite.

Krismasi ya mwaka 2022, ukoo ulipokutana hapa kama kila mwaka, wazee walisema ni aibu kwamba babu yetu Mzee Ndewario, aliyechimba mfereji unaonywesha vijiji vitatu, hayumo Jungu Kuu wakati mjukuu wake ndiye msimamizi. Kaka alijibu kwa adabu zote kwamba kanuni hazimruhusu mtu kuandika habari za ukoo wake, kwamba jambo lisilo na chanzo haliandikwi, na kwamba koo nyingine nazo zina simulizi zao kuhusu mfereji huo. Wazee walinung'unika, halafu nyama ikagawiwa, na sehemu ya mkubwa akapewa yeye yule yule aliyewakatalia, mimi niliyelisha yule ng'ombe nikapewa ya mdogo. Niliila, lakini haikushuka.

Mwezi Februari niliandika ukurasa wa babu, nikamfanya achimbe mfereji peke yake mwaka 1911, na kaka akaufuta kabla chai haijapoa. Nikaurudisha kwa jina lingine, naye akaupeleka kwenye mjadala wa wazi, ambapo wanachama hutoa hoja na kura kwa siku saba. Basi nikafungua akaunti nne, Mwanamlima, Mama Kahawa, Msomi wa Hai na Binti wa Rau, kila mmoja nikampa tabia yake, Mama Kahawa akawa mkali, Binti wa Rau akawa mtu wa kubembeleza, wakapiga kura ukurasa ubaki, wakamwita msimamizi mtu mwenye wivu na babu yake mwenyewe. Ndugu zangu, wivu ulikuwa wangu, niliuandika kwa vidole vyangu nikambandika nao yeye.

Tulishinda kwa kura moja. Siku chache baadaye mwanachama mmoja alinusa kwamba wale wanne wanaandika kwa mkono mmoja, wakaguzi wa Jungu Kuu wakafuatilia zilikotoka kura, wakakuta zote nne zimetoka kwenye intaneti ya nyumbani kwa Mwalimu Eliufoo. Mimi sikujua kwamba jambo hilo linaonekana. Wakahitimisha kwamba yeye ndiye aliyekuwa akifuta kwa mkono wa kulia na kurudisha kwa mkono wa kushoto, akijionyesha mwadilifu huku akiutukuza ukoo wake, wakampa siku saba ajieleze.

Mjue kwamba angeweza kujiokoa kwa kutaja jina moja tu. Aliandika mstari mmoja, kwamba intaneti ni yake na boma ni lake, kwa hiyo lawama iwe yake, na tarehe 19 Aprili 2023 alivuliwa usimamizi na kufungiwa maisha. Kurasa zake zote zikawekewa onyo jekundu kwamba mwandishi wake haaminiki, na ule wa kisukari, aliokuwa ameufunga akiulinda, ukaachwa wazi, wauza dawa za kienyeji wakaingia wakaandika wanayoyataka.

Jioni ya siku hiyo alishuka kwangu na bakuli la mtori alilopika shemeji, akakaa kwenye kigoda cha baba, akaniita kwa heshima ya kwetu, akasema, "Elisaria, mbe, babu alichimba na wenzake. Hilo tu ndilo lililoniuma." Nikamjibu kwamba ng'ombe hajapata majani, nikatoka nje, nikakaa zizini hadi nilipomsikia akiondoka. Hakubadilisha nywila.

Magreth, naona unanionyesha ishara nishuke, nitashuka nikimaliza, mwanangu.

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwishoni mwa mwaka 2023, na tarehe 8 Julai 2024 alipata kiharusi kilichochukua mkono wake wa kulia na kauli yake. Kwa mwaka mmoja na miezi mitatu nilikuwa nikimnyoa, nikimgeuza, nikimlisha uji, na kila siku nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja kwa mtu asiyeweza kunijibu, nisiseme, kwa sababu watu walishaanza kumsifu kwa uvumilivu, nami nikaona nikikiri nitamwongezea sifa nyingine. Ndivyo nilivyo. Hata juzi, magari ya wageni yalipoanza kujaa barabarani, moyo wangu ulikuwa ukijiuliza yangu yatakuwa mangapi.

Alifariki Jumatatu tarehe 6 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, akimwacha mjane, binti na wajukuu wawili.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mchungaji na usharika, walimu wenzake wa Tarakea na Mabogini, na majirani waliochota maji na kukata migomba tangu Jumatatu, wakiwemo wa koo ambazo babu zao niliwafuta kwenye mfereji wao wenyewe. Wazee wangu, shikamooni, najua mtanikalisha kikao, nitakuja.

Nawashukuru pia wageni wawili wa Jungu Kuu, waliosafiri kutoka Dodoma na Mombasa kuja kumzika mtu waliyemfungia, na ambao kabla ya ibada walinieleza kwamba hukumu ile inaweza kuangaliwa upya endapo mwenye akaunti zile atajitokeza. Bahasha hii ina majina manne, nywila zake na saini yangu, njooni mwichukue hapa mbele watu wakiona, na kwenye ukurasa wa hukumu muandike jina langu kamili, Elisaria Eliakim Munisi, mkulima, wa Machame. Onyo jekundu liondoeni kwake, mliweke kwangu.

Shemeji Yuditha, sijaomba unisamehe leo, leo ni siku ya kaka.

Kaka, kwa miaka miwili na nusu nilikunyima amani nikiwa hatua arobaini kutoka mlangoni kwako, nenda ukaipate kwa Bwana, upumzike nayo, mimi niache na aibu yangu.