Bahari Itoke Kabla ya Matanga

Sogeeni karibu, wanangu. Béni, zima hiyo redio. Lise, acha kunirekebishia mto, mto hauna kosa. Pasta Nahum, sikukuita kwa ajili ya sala, sala tulimaliza asubuhi; nimeita masikio yako, maana nitakayosema leo nataka yasikiwe na mtu asiye wa ukoo huu. Na wewe, shemeji Isaïe, kaa kwenye kile kiti kizuri, nikuone vizuri ukikasirika.

Mnajua kwamba ninakwenda. Daktari amesema, na mwili wangu ulisema kabla yake. Sina huzuni ya kuwaachia. Nimefundisha watoto wa Kamina kusoma mpaka nikawafundisha watoto wao, nimeolewa na mwanamume niliyempenda, nimekula vizuri na kuimba vizuri zaidi. Basi tusipoteze pumzi kwa machozi; iliyobaki ni kidogo na ina kazi.

Nyumba hii na kiwanja chake ni vya Béni. Cherehani ni ya Lise, pamoja na bahari. Ndiyo, shemeji, nimesema bahari, usigeuze uso: tangi lile la kioo nyuma yako, na maji yake ya chumvi, na mawe yake yenye uhai, na matumbawe, na wale samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mishipi myeupe. Marehemu mume wangu Zacharie aliendesha treni maisha yake yote kwenye reli inayoelekea baharini, akaona haya kwamba watoto wake hawajui bahari ina nini ndani yake, ndiyo maana akaanza kazi hii. Watu walimcheka. "Papa Zacharie, Lualaba iko na samaki tele, weye unafuga ya kuangalia?" Naye akajibu, "Na picha ya bibi yako mu salon, weye unaikulaka?"

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Lise amejenga ng'ambo ya reli, paneli za sola ziko juu ya paa lake, na tangi jipya limekwisha kusimama, kubwa kuliko hili, lenye sanduku chini yake ambamo maji hushuka kujisafisha kabla ya pampu kuyapandisha tena. Maji yamechanganywa kwa ile chumvi ya bahari aliyoileta Béni kutoka Lubumbashi, na yamekuwa yakizunguka kutwa kucha, yakisubiri wenyewe wayaingie. Na wenyewe wanasubiri nini? Wanasubiri mimi nife! Kwa sababu shemeji amesema, na ninayarudia maneno yake mbele ya pasta: "Bintu ya mugonjwa haitokake mu nyumba. Ukiitosha, iko kuita lufu." Eti ukivitoa, unakiita kifo. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, lakini mimi ni mgonjwa, si kiziwi, kwamba binti anayebeba mali ya mama yake angali hai anajua vizuri kinachomla mama yake.

Lise akaja kwangu analia. "Mama, minyi naiacha. Batasema njo minyi nilikuua."

Mtoto aliyeniosha miguu tangu mvua za kwanza, ndiye huyo wa kuitwa mlozi kwa sababu ya ndoo za maji! Hapana. Nitajibu hoja, na nitaijibu nikiwa hai.

Tukingoja, nini kitatokea? Mnajua desturi yetu. Mtu akikata roho, salon, sebule nzima, inatolewa nje, viti, kabati, televisheni, vyote, ili wafiwa walale chini kwenye mikeka. Siipingi, ni desturi nzuri, inamkumbusha tajiri kwamba sakafu ni ya wote. Lakini bahari si kabati. Zacharie alipokufa, vijana wa ukoo walimwaga nusu ya maji ya tangi letu la kwanza ili liwe jepesi, wakalibeba mpaka barazani, jua likalipiga, maji yakazidi kushuka, na wamama wa kanisa, kwa upendo kabisa, wakasema, "Bahari ya Papa Zacharie inakauka, mutie chumvi!" Wakatia ya jikoni, pakiti juu ya pakiti. Hawakujua kwamba maji yakikauka chumvi haiendi popote, inabaki palepale, na kinachopaswa kuongezwa ni maji matamu. Tuliporudi kutoka makaburini, kila kilichokuwa hai mle ndani kilikuwa cheupe. Siku ile nilifiwa mara mbili, na kwa ile ya pili hakuna aliyenipa pole. Bahari hii mnayoiona nimeianza upya mwenyewe, kwa ajili yake.

Siwalaumu wale wamama. Na wewe shemeji, uliyeamuru tangi litolewe, nimekusamehe zamani. Lakini kukusamehe si kukupa nafasi ya pili.

Haya. Unasema vitu havitoki katika nyumba ya mgonjwa. Nakubali! Naichukua sheria yako yote, sikati hata ukucha wake. Ila nakuuliza: inamhusu mgonjwa anayebaki, au hata anayehama? Kaka yenu Yav alipohamia Kaniama na homa yake, kitanda chake kilibaki hapa? Si mlimpakia yeye na sufuria zake kwenye lori moja, na ni wewe uliyefunga kamba? Mtu akihama, huhama na vitu vyake. Basi mimi ninahama. Leo hii. Ninakwenda kuishi kwa binti yangu, na Pasta Nahum ni shahidi kwamba nimesema kwa mdomo wangu, akili zangu zikiwa zote nyumbani, na kwamba Lise hakuomba, nimemwamuru. Atakayesema Lise aliniua, aanze kwa kumwita pasta mwongo.

Unasemaje? "Mwalimu, weye hata lufu utaibishia." Nitaibishia, ndiyo, mpaka nifike kwa Lise. Cheka, shemeji. Zacharie angecheka pia.

Sasa shikeni kazi. Jazeni bidoni, madumu yote yale, kwa maji ya zamani. Mawe na matumbawe yakae ndani ya maji kwenye ndoo, yasipigwe na upepo. Mchanga uacheni, una uchafu wa miaka na ukitibuliwa ni sumu. Samaki watoke mwisho. Ndoo zifungeni kwa vitenge vyangu na blanketi, maana baridi ya msimu huu haina huruma. Mkifika, mwongeze maji mapya kidogo kidogo kwa kikombe, mpaka samaki wayazoee, na leo msiwape chakula. Tangi jipya liko chumba cha ndani, nimelipangia hivyo mwenyewe. Salon ya Lise itolewe vitu vyote siku yangu ikifika, mkeshe, mwimbe mpaka majirani wakose usingizi. Na wamama wa kanisa waambiwe kwa heshima zote: maji yakipungua, wamwite Lise.

Béni anasema kamyoneti, lile lori dogo lililoko nje, itanitikisa. Itanitikisa, mwanangu. Anayetikiswa yuko hai.

Nimechoka... Ngoja. Maji kidogo. Asante.

Béni, Lise, msigombane. Mkigombana, gombaneni mchana na mle pamoja jioni. Mungu aliyenipa ninyi awape watoto wanaouliza maswali mengi, awape usingizi mzuri, na mkono usiochoka kufungua mlango. Nimewabariki... nyote wawili, sawasawa, hakuna aliyepata kubwa.

Pasta, beba ndoo ya samaki wewe. Iweke karibu nami, niione.

Shemeji Isaïe. Inuka kwenye kiti. Njoo... upande huu, kichwani. Shika godoro. Wewe ndiye mkubwa wa ukoo. Nikitoka humu mikononi mwako, nani atafungua mdomo juu ya mtoto wangu?

Umeshika? Vizuri. Béni, miguuni. Lise, mwanangu, futa uso... tangulia, ukatufungulie kwako.

Inua, shemeji.